Saa Yangu Iko Sawa

Mimi ni fundi wa magari pale Kisekka, soko la spea hapa Kampala, miaka kumi na tisa sasa, na watu wa pale wananijua, niletee Ipsum boneti imefungwa, wewe iwashe tu, kabla hujazima nitakwambia ni plagi ama ni pampu ya mafuta. Na mteja akija analia gari imegoma swali langu la kwanza ni lilelile kila siku, betri umeangalia? Wengi hawajaangalia. Mtu amesukuma gari kutoka Ndeeba, shati limelowa, amekula hasara ya siku nzima, kumbe tamino imelegea. Huwa nawacheka sana. Wiki hii ndio nimejua Mungu huwa anasikia mtu akicheka na anaandika mahali.

Nyumbani Kibuli tuna laptopu. Nilipewa na mteja mmoja alishindwa kulipa kazi ya injini, akaniachia hiyo na maneno matamu. Betri yake kubwa ilishakufa kitambo, ukichomoa waya tu imezima, kwa hiyo inakaa mezani mwaka mzima kama televisheni, kuiita laptopu ni heshima tu tunaipa.

Sasa Jumapili tukawa na mkutano wa harusi. Asiyejua mikutano ya harusi ya hapa Uganda nimweleze haraka, hamkutani kupanga wali na nyama, mnakutana kutoa pesa. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna daftari, unaitwa jina, unataja ahadi yako mbele ya watu, wanapiga makofi, wanaandika, na kuanzia siku hiyo wewe hulali vizuri. Zamani ungesema mvua imenizuia, ungesema jamu, lakini tangu korona ukoo wetu umejua Zoom, mjomba yuko Arua, shangazi Malaba, binamu Nairobi, wengine Bombo, wote mko kwa skrini moja mnatazamana kama picha za watu wanaotafutwa na polisi. Huna pa kujificha bana.

Mama Shamimu alikuwa ameshanipa bajeti yangu. Laki mbili, na wakikusukuma sana laki tatu, ukipita hapo utaenda kula kwa huyo mwenyekiti.

Tukaanza saa kumi jioni. Majina yanakuja, makofi yanapigwa, mimi natoa jasho. Shamimu naye akachagua wakati huohuo kuja kuniomba pesa ya chapati, nikamwinulia kidole, ngoja kwanza mwanangu, na mwenyekiti ndio anasema "haya, sasa tumsikie Baba Shamimu"... paa! Umeme umekwenda. Laptopu kimya, ruta kimya, nyumba yote kimya.

Nisiseme uongo. Roho yangu ilifurahi kidogo.

Umeme ukarudi saa kumi na mbili kamili, najua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Nikawasha laptopu, ikaja na skrini nyeusi, maneno meupe ya Kiingereza, mwisho kabisa bonyeza F1, nikabonyeza F1, nani anasoma mambo hayo. Ikawaka vizuri. Waifai ikashika, yale mapinde yote yamejaa, imeandika imeunganishwa. Nafungua Zoom, wapi. Nafungua Google, ati Google yenyewe, onyo jekundu limejaa skrini. Nafunga, nafungua, onyo. Mkutano ukaisha hivyo mimi nafunga na kufungua. Simu yangu mimi ni katochi, inapiga na inamulika, haijui mambo ya Zoom.

Hapo ndipo nyumba yangu ikawa hospitali kuu na kila mtu ni daktari. Mama Shamimu akauliza, umelipia? Nimelipia ya mwezi mzima. Na yeye mwenyewe simu yake kwa waifai hiyohiyo inacheza video za mapishi bila hata kukwama, anaangalia keki huku ananiuliza umelipia. Mtoto wangu mkubwa akasema zima ruta uiwashe. Jamani. Mimi nikimwambia mteja wa Kisekka zima gari uiwashe halafu nimlipishe, si ningekuwa jela ya Luzira saa hizi? Lakini kwa mambo ya intaneti hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kila mtu, msomi na asiyesoma, kama panadoli. Tukazima tukawasha mara nne. Hakuna.

Akaja jirani yetu Mkongo wa Bukavu, mtu mzuri sana, hakuna ugonjwa hajui dawa yake. "Mzee, ile njo VPN. Njo inakamata njia yote." Na kweli tangu Facebook ifungwe hapa Januari 2021 kila kifaa Kampala kina VPN, ile programu ya kupitia mlango wa nyuma, ukizaa mtoto leo naye ataanza na VPN. Tukatafuta tukakuta mbili, moja sijui nani aliiweka. Tukatoa zote. Hakuna, na jirani akakumbuka ana ugali jikoni.

Sasa aliyeniua ni mtoto wa dada yangu, yuko chuo mwaka wa pili. Akaja na ujasiri wote, "mjomba, tunaiambia laptopu isahau hii netiweki halafu tunaingia upya." Kabla sijauliza upya kwa paswadi gani, ameshabonyeza. Imesahau. Na sisi wote pia tumesahau! Paswadi iko kwa kibandiko chini ya ruta, na aliyekuja kufunga ruta aliipigilia juu ya mlango, kibandiko kimeangalia ukuta. Nikapanda kwa stuli, stuli kwa meza, katochi mdomoni inamulika, shingo nimeikunja kama bata anachinjwa, nasoma herufi moja moja na Mama Shamimu chini anaandika. Herufi kumi na sita. Hiyo ni O ama sifuri? Sijui. Hiyo ni moja ama ni l? Sijui, na mtu akiwa na simu mdomoni hata hilo sijui linatoka ni "hihui", kwa hiyo na yeye anaandika h. Tukajaribu mara sita. Mara ya saba ikakubali, mimi nashuka magoti yanatetemeka, tunafungua Google... onyo lilelile, jekundu vilevile.

Huyo mtoto wa chuo hata haya hana. "Basi mjomba shida ni draiva." Nikamwambia mimi nimekaa na magari maisha yangu yote, dereva akiwa mbovu tunabadilisha dereva hatugusi injini, huyo wa laptopu anapatikana wapi? Akasema, kwa intaneti. Nikamtazama. Akanitazama. Nikampa nauli ya boda arudi hosteli.

Sasa niseme ukweli ambao nyumbani bado sijausema. Laptopu muda wote huo ilikuwa inaniambia. Kwa lile onyo jekundu, katikati ya maneno mengine, kulikuwa na sentensi fupi kabisa kwamba saa yako iko nyuma. Niliiona. Na sikuipuuza, nisionewe, niliangalia pale pembeni chini kabisa, imeandika 2:14. Nikauliza Mama Shamimu ni saa ngapi, akasema saa mbili na robo. Usiku huo, saa mbili na robo! Sasa saa iko nyuma ya nani? Sawasawa na yetu, labda dakika moja. Kumbe siku zote saa hizo inaandika 8 na mimi natoa sita kichwani bila kufikiria, ila siku hiyo ikaandika mbili na mimi nikaona hata imetia akili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, nikadhani mambo yameanza kufika mpaka kwa kompyuta. Asubuhi nikaangalia tena, mimi nakunywa chai saa moja, yenyewe inasema 1:00. Nikaiambia kwa sauti, saa yangu iko sawa, wewe ndio mgonjwa.

Jumanne nikaitia kwa kaveera, mfuko wa plastiki, na chaja yake nikaipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Luwum. Fundi mwenyewe kijana, umri wa mwanangu, ana bisibisi ndogo utafikiri anatengeneza mbu. Akaichomeka, ikaja ile skrini nyeusi, yeye akaisoma. Akaisoma yote! Akabonyeza, ikawaka, akatupa jicho moja pale pembeni, akaniuliza:

"Mzee, betri umeangalia?"

Nilihisi joto linapanda kutoka kwa viatu. Nikamwambia betri ilikufa kitambo, sisi tunatumia waya. Akasema si hiyo, ile ndogo ya ndani. Akaniwekea kidole pale kwa tarehe, mahali ambapo mimi sijawahi kuangalia tangu nipewe hiyo kitu. Tarehe 1 Januari 2012.

Kumbe ndani ya kompyuta kuna kibetri kidogo kama sarafu, kazi yake ni kukumbuka saa na tarehe wakati umeme hakuna. Kikifa, umeme ukikatika mashine inasahau kila kitu, ukirudi inaanza kuhesabu upya kutoka siku yake ya kuzaliwa, saa sita usiku ya kizungu. Na mimi umeme wangu ulirudi saa kumi na mbili jioni. Sifuri yake imekutana na kumi na mbili yetu, kuanzia hapo tunatembea pamoja dakika kwa dakika mimi na yeye, nani angejua?

Nikamuuliza sasa tarehe na intaneti wapi na wapi, ruta iko sawa, waifai imeshika. Akanieleza kila tovuti ina cheti chake, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na laptopu kabla haijafungua lazima ikague. Hapo nikaelewa mara moja, mimi nimelelewa kambi ya polisi Nsambya. Ni askari wa trafiki kasimama barabarani na kalenda ya 2012, unampa leseni imetoka mwaka huu, anaitazama anasema hii leseni siku zake hazijafika bado, rudi ulikotoka. Google akija, rudi. Zoom akija, rudi. Leseni ni halali kabisa, kalenda ya afande ndio mbovu. Na saa ikiwa nyuma miaka mingi namna hiyo hata kujirekebisha yenyewe kwa intaneti inakataa, inaona hiyo hatua ni kubwa mno, bora mtu aje aibadilishe kwa mkono.

Nilikaa pale kwa benchi namwonea huruma hata. Yaani siku mbili imekaa mezani kwangu inaamini ni 2012. Kiprotich wetu wa marathoni hajakimbia Olimpiki ya London, hajaleta dhahabu. Cranes, timu yetu ya taifa, hawajaenda Kombe la Afrika tangu 1978 na haijui watarudi 2017. Ushuru wa mitandao shilingi 200 kwa siku haujaja, ule wa 2018, wala haujaondoka 2021 tukapewa asilimia 12 kwenye bando. Facebook iko wazi, watu wanaposti tu bila VPN. Kitu kimoja pekee ungeiuliza ingepata, jina la rais.

Kibetri chenyewe kinaitwa CR2032, na hapo fundi wa magari ndani yangu akafurahi, kwa sababu jina ni vipimo, milimita 20 upana, 3.2 unene, volti tatu. Kidogo kuliko sarafu ya mia tano. Spea zote zingeitwa hivyo Kisekka tusingegombana na wateja. Shilingi elfu tano kibetri, elfu kumi na tano kukiweka. Nikaanza kulia, kijana wangu, elfu kumi na tano kufungua skrubu? Akaniuliza taratibu, mzee wewe plagi ukibadilisha unalipisha ngapi. Nikalipa.

Nikarudi nyumbani, naichomeka, inawaka bila ile skrini nyeusi, Google huyo, barua pepe hizo zinaingia moja moja. Nimekaa kama bosi. Mama Shamimu amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Ya juu kabisa imetoka kwa katibu wa mkutano wa harusi, kumbukumbu za Jumapili na orodha ya ahadi, nikaifungua mwenyewe kwa mkono wangu. Mjomba wa Arua, laki tano. Shangazi wa Malaba, laki mbili na mbuzi. Baba Shamimu, milioni moja.

Milioni moja. Pembeni katibu ameandika kwa herufi ndogo: picha iliganda lakini kidole kimoja kilionekana wazi, makofi yakapigwa.

Kikombe nyuma yangu kikawekwa chini polepole sana. Nimempigia yule kijana wa Luwum dakika hiyohiyo kwa katochi yangu, nikamuuliza hicho kibetri mtu akitaka kukitoa mwenyewe anaanza na skrubu gani.