Ndiyo, Aliyefungwa Kwenye Jenereta ni Mimi

Sawa. Mlioiona ile video ya mtu aliyefungwa kwenye jenereta juu ya lori, ni mimi. Ambao hamjaiona, muulizeni jirani, maana nasikia imeshafika Bungoma. Na kabla hamjaniuliza tena: sikuiba jenereta. Yule rafiki yangu wa bodaboda aliyeandika "mwizi anaswa Kondele, afungwa juu ya mali aliyoiba" amekula samaki kwangu si mara moja, na anajua jenereta ilikuwa na risiti. Alitaka kucheka. Amecheka. Sasa nipisheni niseme yangu.

Mnajua kila Jumatatu huwa nawaandikia hapa habari za kufunga mizigo. Wiki hii niliwachosha na ile hesabu ya Ulaya, EN 12195: mzigo uzuiliwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na usiende pembeni wala nyuma kwa asilimia 50. Nikawaambia dereva akikanyaga breki, lori ndilo lililoambiwa lisimame, mzigo haujaambiwa kitu. Nikamalizia kwa maringo: "Mzigo niliofunga mimi hauendi popote." Kuna mtu aliandika hapo chini, "Tutaona." Hongera ndugu, umeona.

Jumanne asubuhi tulikuwa Obote Road, Kisumu, tunapakia jenereta ya mteja wa Chavakali. Kilo 1,500, kwenye lori la fletibedi lisilo na mbavu. Nilifagia sakafu mwenyewe, nikatandika raba chini ili isiteleze, nikaweka vipande vya tairi kuukuu kwenye pembe za chuma ili zisikate mikanda. Mikanda yenyewe ilikuwa mipya, ina lebo ya buluu, na kila mmoja unahimili kilo 2,500 ukivutwa moja kwa moja. Wapakiaji walikuwa wamekaa kivulini wakinitazama kama watu wanaomtazama bwana harusi akipiga pasi shati lake kwa mara ya nne.

Ulibaki mkanda mmoja wa mbele. Nikajipenyeza kati ya jenereta na ule ubao ulio nyuma ya kabini ya dereva, nikashika racheti, kile kifaa cha chuma cha kukazia mkanda, nikaanza kupampu. Krr, krr, krr. Nilikuwa nimevaa ovaroli ya mtumba, saizi ya mtu mwenye mwili kunishinda, na mfuko wake wa pajani unaning'inia kama sikio la mbuzi. Nikahisi mkanda unakaza. Nikafurahi. Nikapampu tena. Ukakaza vizuri zaidi, hadi nikauhisi pajani. Nikajisemea, ndiyo kazi hiyo, unaihisi mwilini.

Kumbe mfuko ulikuwa umeshamezwa na racheti.

Sikujua bado. Nikafanya kile ambacho kila mfungaji mizigo duniani hufanya akimaliza: nikaupiga mzigo makofi mawili na kupaza sauti, "Hii haiendi popote!"

Kwa wasiojua lugha ya malori: kugonga mara moja ni simama, mara mbili ni twende. Jaduong', dereva wetu, alisikia pa! pa! na ile "endi" iliyo mwishoni mwa neno langu, akadhani ni "enda". Akaenda.

Mwanzoni nilicheka. Nikageuka nimgongee kabini, paja likakataa. Nikavuta. Likakataa. Nikainama, nikaona nguo yangu imezungushwa pamoja na mkanda ndani ya lile gurudumu la racheti, safi kabisa, kama imeshonwa kiwandani. Sikuweza kusimama wima wala kuchuchumaa. Nilibaki nimekunja magoti nusu, makalio nje, kama mtu aliyeondolewa kiti akiwa njiani kukaa.

Nikagonga ubao. Kwa hofu sikugonga mara moja. Niligonga mara nane. Na nane, ukihesabu kwa lugha ya malori, ni "twende" mara nne. Jaduong' akaongeza gia.

Simu? Ilikuwa mbele, kwenye chaji. Vioo vya pembeni? Nilikuwa katikati, nimebanwa kati ya ubao na jenereta niliyoifunga kwa ustadi. Ningeweza kufungua racheti, ni kuvuta kile kifungio na kuinua ule mkono hadi ulale. Lakini nani aliwaandikia Jumatatu kwamba mkanda haufunguliwi lori likitembea? Na kama asilimia 80 ya kilo 1,500 ni kilo 1,200, je, hizo kilo 1,200 zikitaka kwenda mbele, zitampitia nani? Niliikagua ile mikanda kwa macho jinsi muumini anavyokagua Biblia siku ya mtihani.

Ilibaki njia moja: kufungua zipu na kutoka ndani ya ovaroli. Nikaishusha hadi kifuani. Hapo nikakumbuka kilichokuwa chini. Fulana, na boksa ambayo lastiki yake ilikufa zamani. Ninazuia tani moja na nusu isisogee inchi moja, lakini nguo yangu ya ndani naishikilia kwa mkono. Nikapandisha zipu.

Ndipo tukafika Kondele, na foleni ikasimama.

Matatu ikaja ikasimama ubavuni, dirisha kwa dirisha na mimi. Abiria kumi na wanne. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Walinitazama tu. Mtoto mmoja akamuuliza mamake swali kwa sauti ya chini, mama akamgeuza uso. Nikaona heri nijifanye niko kazini. Nikashika mkanda, nikautikisa, nikaitikia kwa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika. Nikashusha zipu kidogo. Matatu ya pili ikaja. Nikapandisha. Nikasema, "Habari zenu." Kondakta akaniuliza, "Omera, uliiba nini?" Nikasema sijaiba. Akasema, "Wote husema hivyo."

Halafu akaja mama muuza njugu. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye racheti, akanyoosha mkono, akaniwekea pakiti mkononi. "Pole, nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Hata Paulo alifungwa."

Nilizila. Mnaniuliza kwenye video kwa nini natafuna. Ndiyo hizo. Na aliyekuwa anapiga video, kofia ya chuma kichwani, alikuwa ni rafiki yangu. Nilimwita kwa jina! Alipunga mkono.

Yaliyobaki ni mafupi. Mamboleo askari wa trafiki alitusimamisha, akaniuliza kama mimi ni abiria au mzigo, kwa sababu abiria haruhusiwi kupanda huko. Nikasema mzigo, afande. Akauliza kama nimefungwa ipasavyo. Jaduong' alishuka, akakaa chini barabarani akacheka hadi akakohoa, kisha akaitisha kisu. Kati ya mkanda mpya na ovaroli ya mtumba, hakufikiri mara mbili. Kuanzia hapo hadi Chavakali nilikaa ndani nimefunikwa turubai. Jenereta haikusogea hata inchi, na mteja hakuniangalia chini ya kifua.

Jaduong' amenipigia asubuhi hii. Kipande cha nguo bado kimo ndani ya racheti, kimekataa kutoka. Nikamwambia apitishe kisu. Amesema hapana, mkanda ukiguswa na kisu ni wa kutupwa, aliambiwa Jumatatu.