Ilizima kwenye Ngapi?

Ijumaa jioni nilikuwa jikoni nakoroga maharage, simu ikaita. Alikuwa binti mmoja wa Morogoro anayeishi Ohio. Tuliunganishwa na mama mmoja wa kanisani kwao, na hatujawahi kuonana ana kwa ana. "Shikamoo dada," akasema, na kabla sijamaliza marahaba akaendelea: "Nimetoka sasa hivi. Imezima kwenye mia na kumi na mbili."

Mtu mwingine angedhani gari limemzimikia barabarani. Mimi nilizima jiko, nikakaa.

Alikuwa anazungumzia NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani. Unafanywa kwenye kompyuta na hauna idadi maalumu ya maswali. Machache kabisa ni 85, mengi kabisa ni 150, na saa ulizopewa ni tano. Huruhusiwi kuruka swali wala kurudi nyuma kurekebisha jibu. Kuanzia hilo la 85, wakati wowote, skrini inazima. Huambiwi hongera, huambiwi pole. Unanyanyuka, unachukua mkoba wako kabatini, unatoka nje kwenye jua kama mtu aliyefukuzwa sinema kabla picha haijaisha.

Hapo nje ndipo swali linapokungoja: ilizima kwenye ngapi? Kuna elimu nzima imejengwa juu yake kwenye magrupu yetu. Ikizima kwenye 85 umepita, andaa pilau. Ikifika 150 anza kutafuta ada ya kurudia. Ikizima katikati, basi angalia swali la mwisho: likiwa gumu ni heri, likiwa rahisi ni balaa. Nimemsikia mtu mzima mwenye shahada yake akibishania jambo hili kwa ukali wa shabiki wa Simba na Yanga.

Mimi naomba tuliache hili swali. Nina sababu zangu, na ya kwanza ni jogoo wa mama yangu.

Mara ya kwanza nilifanya mwezi wa Februari, hapa Dallas. Ilizima kwenye 85. Nilitoka pale naelea. Nikampigia mama kule Muheza, nyumbani Tanzania, ambako ilikuwa inaelekea saa mbili usiku, nikamwambia mama, imezima mapema, huku ikizima mapema ndiyo umeshapita. Mama si mtu wa kusubiri. Kesho yake alichinja jogoo, akaita majirani, na shangazi akapiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Siku mbili za kazi zilipotimia nililipa dola 7.95 za kuona matokeo ya haraka, nikayafungua nikiwa chooni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nimefeli.

Jogoo alikuwa ameshaliwa.

Kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia, au labda niliambiwa nikawa nasikiliza magrupu, ni kwamba kompyuta ile inafanya kazi kama mizani ya mawe ya sokoni. Ukileta samaki mkubwa ambaye kila mtu anaona kapita kilo, muuzaji anaweka jiwe moja tu, mkono unalala, biashara imeisha. Ukileta dagaa wa kiganja kimoja, hivyo hivyo, jiwe moja na jibu liko wazi. Anayechelewesha foleni ni yule ambaye samaki wake anakaribiana na kilo yenyewe. Huyo ndiye muuzaji anamwongezea vijiwe, anapunguza, anaangalia tena. Mashine inasimama ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango, au kwamba uko chini yake. Mimi kwenye 85 nilikuwa dagaa.

Na ile hali ya kutoka ukiapa kwamba umefeli, wote tunatoka nayo, kwa sababu ndivyo mashine ilivyotengenezwa. Ukipata swali, inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakushushia. Inakutafuta mpaka ifike kwenye yale maswali ambayo uwezekano wako wa kuyapata ni nusu kwa nusu, na hapo inakuweka. Mtu aliyeongoza darasa tangu la kwanza hajawahi kukalishwa sehemu kama hiyo, kukosa kila swali la pili saa nzima. Isitoshe, 15 kati ya maswali yale hayahesabiwi kabisa, yanajaribiwa kwa ajili ya wengine watakaokuja, na hujui ni yapi. Huenda swali lililokutoa jasho kuliko yote halikuwa na thamani ya hata senti.

Ukifeli wanakutumia karatasi inayoonyesha kila eneo ulikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Mimi nilikaa wiki tatu bila kuisoma. Nilikuwa nimeshughulika kuuliza watu inawezekanaje 85 ikawa kufeli. Ndiyo hasara ya hilo swali la "ngapi": linakupa kitu cha kuchambua ambacho hakina kitu ndani, huku chenye kitu kikiwa kimelala kwenye droo.

Nilipoisoma, niliona nimeanguka vibaya kwenye usimamizi wa huduma. Mimi! Nimefanya miaka tisa hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume. Usiku tuko manesi wawili, wagonjwa arobaini, wengine kwenye magodoro chini. Nimewahi kushika tochi ya simu kwa meno nikitafuta mshipa. Nani angenifundisha usimamizi?

Kwanza nililaumu majina, na hapo nilikuwa na haki kidogo. Adrenalini huku ni epinefrini. Salbutamoli ni albuteroli. Parasetamoli, dawa ambayo hata mtoto wa chekechea kwetu anaijua, inaitwa asetaminofeni. Vipimo ndiyo usiseme. Sukari ya 7 kwenye mashine zetu huku inasomeka 126, yaani unazidisha kwa 18. Siku zangu za mwanzo pale nyumba ya wazee nesi alisoma sukari ya bibi mmoja akasema arobaini, nami nikajua bibi anakwenda na maji, sukari imepanda hadi juu ya paa. Kumbe imeshuka. Wenzangu wanakimbilia juisi, mimi akili yangu iko kwenye insulini. Hayo lakini ni mambo ya kukariri, wiki mbili yakawa yamekaa.

Kilichonikalisha chini ni swali moja la mazoezi. (La mazoezi, nasisitiza. Ya mtihani wenyewe unakubali kabla ya kuanza kwamba hutayatoa nje, na yeyote anayekuuzia "maswali yaliyovuja" anakuuzia matatizo.) Lilikuwa hivi: una mhudumu msaidizi mmoja, utamkabidhi kazi ipi? Kumlisha mzee aliyelazwa jana kwa kiharusi, kupima mkojo wa mgonjwa aliyetulia, kumfundisha mwenye kisukari kujichoma insulini, au kusikiliza kifua cha mtu aliyetoka kwenye upasuaji?

Nilichagua kumlisha mzee, wala sikufika mwisho wa orodha. Kulisha! Kwetu kulisha hata si kazi ya nesi, ni ya ndugu. Saa sita mchana geti linafunguliwa, wanaingia na mahotpoti na chupa za uji, wodi inanukia wali, na wewe unapata nusu saa ya kuandika mafaili.

Jibu lilikuwa kupima mkojo. Yule mzee bado hajaangaliwa kama anaweza kumeza, yalisema maelezo. Chakula kinaweza kwenda kwenye mapafu.

Nikamkumbuka mzee mmoja wa kitanda cha dirishani. Alikuja na kiharusi, mdomo umeenda upande. Binti yake alikuwa anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anamfuta kidevu kwa kanga, kwa upole ambao ulinifanya nimsifu mbele ya wenzangu. Kila baada ya vijiko viwili vitatu mzee alikuwa anapaliwa, anakohoa, binti anangoja, anaendelea. Siku ya nne homa. Siku ya sita kifua kimejaa. Tuliandika nimonia kwenye faili, tukabadilisha antibiotiki, na hakutoka. Siwezi kuapa kuwa ni uji. Ila nilikuwepo pale, na nilichomwambia yule binti ni "Mungu akubariki mwanangu".

Usiku ule nilifunga kompyuta bila kumaliza maswali. Nilikuwa nimelalamika miezi kwamba mtihani huu haujui hospitali zetu, umetungwa na watu ambao hawajawahi kuishiwa glovu. Bado nalalamika kuhusu mengine: dola 200 kila ukijisajili, nyaraka za chuo zinazochukua miezi kuvuka bahari, na majina matatu ya Kitanzania ambayo yasipofanana herufi kwa herufi na kitambulisho unarudishwa mlangoni na ada imekwenda. Lakini kwenye kitanda cha dirishani mtihani ulikuwa unajua kitu ambacho mimi na miaka yangu tisa hatukukijua.

Kuanzia hapo nilisoma tofauti. Sheria inataka usubiri siku 45 angalau kabla ya kurudia; mimi nilisubiri mpaka Juni. Natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nalala mpaka saa saba, napiga msuli mpaka mtoto anaporudi shule. Maswali arobaini tu kwa siku, si mia mbili kama wanavyojisifu watu, lakini nasoma maelezo yote, hata ya niliyopata. Na kila nikikosa najiuliza: hili nimelikosa kwa sababu silijui, au kwa sababu wodini tulikuwa tunafanya vingine? Ya aina ya pili niliyaandika kwenye daftari lake peke yake. Lilijaa kuliko nilivyopenda.

Juni ile sikumwambia mtu, hata mama. Wakanipima mishipa ya kiganja, wakanipiga picha, wakafungia simu yangu kwenye mfuko wa plastiki. Swali la 85 likapita, skrini haikuzima. Mia, haikuzima. Kwenye 120 nilianza kuongea na Mungu kwa Kisambaa. Ilizima kwenye 150, zikiwa zimebaki dakika kumi na kitu.

Ilikuwa Alhamisi, na siku mbili za kazi maana yake Jumatatu. Alhamisi hadi Jumatatu ni nyingi. Nilifua mapazia. Niliosha mapazia yale yale tena Jumamosi. Kazini kuna bibi mmoja nesi aliyepata leseni yake kabla ya 1994, mtihani ukiwa bado wa karatasi, wa siku mbili, unafanyika mara mbili kwa mwaka. Aliniambia yeye alisubiri bahasha kwa majuma na alikonda. Alidhani ananifariji.

Na ile hila ya kadi ilinisumbua usiku mzima wa Ijumaa. Wengi mnaijua: unajaribu kujisajili tena mtihani ule ule na kulipa ada upya. Mfumo ukikukatalia eti umepita, ukipokea hela eti umefeli. Si njia rasmi, na ikikugeuka umepoteza dola 200 kwa kujitibua roho. Saa nane usiku nilikuwa na kadi mkononi. Mume wangu akaamka, akaichukua bila kusema neno, akailalia.

Jumatatu nilifungua nikiwa kwenye gari, nje ya kazini. Nimepita. Nilikaa mle ndani mpaka nikachelewa zamu dakika kumi na mbili, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mama alipoambiwa aliuliza kwanza kama safari hii ni kweli, maana jogoo aliyebaki ni wa mbegu.

Kwa hiyo binti wa Ohio aliponiambia mia na kumi na mbili nilimwambia ukweli, kwamba namba hiyo hainiambii chochote. Nikamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula tangu jana yake. Nikamwambia apike, ale, alale, azime simu, Jumanne si mbali, na hiyo habari ya kadi asiiguse hata kwa bahati mbaya. Akasema sawa dada, asante dada, nimekuelewa dada.

Leo Jumapili nimetoka kanisani nikakuta amepiga mara nne. Nikampigia.

"Dada, usinigombeze. Nimejaribu kulipa tena."

"Eeh?"

"Imekataa! Kadi imekataa! Si ndiyo nimepita?"

Nikamuuliza kama kwenye hiyo kadi kulikuwa na dola 200.

Kimya. Halafu nikasikia anafungua programu ya benki.