Kebini Nyembamba, Bodi Pana: Nani Aliimaliza Studebaker?

Simama nyuma ya pikapu ya Studebaker Champ ya mwaka 1961, ile yenye bodi iliyouzwa kwa jina la Spaceside, na utaona jambo lisilohitaji fundi wa kulieleza. Bodi ni pana kuliko kebini. Imechomoza kulia na kushoto, na mkunjo wa bati unaopita ubavuni mwake haukutani na mkunjo wowote mlangoni. Wala si ajali iliyonyooshwa vibaya. Ilitoka kiwandani hivyo. Kebini ni nusu ya mbele ya Lark, gari dogo la abiria la kampuni hiyohiyo, iliyozibwa nyuma ya kiti. Bodi ni ya Dodge: Dodge ilikuwa inaingiza sokoni malori mapya, Studebaker ikachukua kalibu za lile umbo la zamani na kuanza kukandamiza bati zake humo.

Leo wenye Champ huko Marekani wanaipenda kwa kasoro hiyohiyo, na sina ugomvi nao. Mimi naitazama kama ushahidi katika kesi ambayo haijaisha. Studebaker, kampuni ya magari ya Marekani, ilifunga kiwanda chake cha South Bend, jimbo la Indiana, mnamo Desemba 1963, na tangu hapo watu wamegawanyika. Wako wanaosema wafanyakazi na chama chao, tawi namba 5 la UAW, chama cha wafanyakazi wa magari Marekani, walidai mishahara ambayo kampuni ya ukubwa ule isingeweza kuibeba. Wengine wanasema wakubwa na wanahisa walikula mbegu, kisha msimu wa kupanda ulipofika wakamlaumu mkulima. Kuna pia wasiotaka kumlaumu mtu: kampuni ndogo kati ya General Motors, Ford na Chrysler ilikuwa ya kufa tu, leo au kesho.

Udogo huo tusiutie chumvi. Hii ilikuwa kampuni kongwe kuliko wote hao watatu. Henry na Clement Studebaker walifungua karakana ya uhunzi South Bend mwaka 1852. Ndugu yao John alikwenda California wakati wa kukimbilia dhahabu, lakini badala ya kuchimba akawa anawatengenezea wachimbaji matoroli. Mwaka 1858 alirudi na dola 8,000 na kununua sehemu ya Henry. Fedha hiyo ya matoroli ndiyo iliyopanua biashara ya magari ya kukokotwa na farasi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaleta oda za jeshi. Magari ya umeme yakafuata mwaka 1902, ya petroli mwaka 1904. Hakuna kampuni nyingine kubwa ya magari ya farasi Marekani iliyovuka kuingia zama za injini na kudumu hivyo.

Kwa hiyo wanaosema kifo kilikuwa kimeandikwa wana deni la kueleza miaka yote iliyotangulia.

Kisa cha kwanza cha kutazama kwa makini ni cha Albert Erskine, aliyekuwa rais wa kampuni kuanzia 1915. Mdororo mkuu ulipoanza mwaka 1929, Erskine aliamini ni upepo wa kupita. Akaendelea kuwalipa wanahisa gawio kubwa kuliko faida iliyokuwa ikiingia, akichota kwenye akiba. Akiba ilipopungua, alijaribu kuinunua White, kampuni ya malori ya Cleveland iliyokuwa na fedha taslimu. Wanahisa wachache wa White walikataa, mpango ukakwama, na Machi 1933 Studebaker ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa mahakama. Julai mwaka huohuo Erskine alijiua.

Harold Vance na Paul Hoffman, wakuu wapya wa kampuni, ndio walioifufua, na huu ndio wakati ambao pikapu za Studebaker zinaanza kuvutia. Coupe Express ya 1937 ilikuwa na uso na kebini ya gari la abiria, na bodi ya mzigo nyuma. Ndiyo mbinu ileile ya Champ, miaka zaidi ya ishirini kabla. Tofauti ni kwamba mwaka 1937 mistari ilikutana. Kuazima vipande hakujawahi kuwa aibu. Watengenezaji wote waliazima kutoka kwenye magari yao wenyewe. Suala ni kama kuna fedha na muda wa kuvioanisha.

Vita vya Pili vya Dunia vikawapa kazi ambayo nadhani ndiyo kubwa kuliko zote walizowahi kufanya. Lori la US6, la injini ya Hercules ya silinda sita, lilitengenezwa kwa idadi inayokaribia 200,000, na mengi yalipelekwa Umoja wa Kisovieti kwa mpango wa msaada wa vita. Sehemu yake yalipitia Irani, yakiunganishwa huko Andimeshk na Khorramshahr kabla ya kuendeshwa kaskazini. Warusi waliyafunga mitambo ya roketi za Katyusha mgongoni, na kwa askari wa Jeshi Jekundu jina la mji mdogo wa Indiana halikuwa na maana yoyote, ila "Studer" kila mmoja aliijua. Wakati huohuo Studebaker ilikuwa inatengeneza injini za ndege za B-17. Wafanyakazi walioitwa baadaye wavivu na ghali ndio waliofanya hayo, au ni baba zao. Nasema baba zao kwa maana halisi: kampuni ilijitangaza kwa picha za baba na mwana wakifanya kazi benchi moja.

Vita vilipoisha, kila Mmarekani alitaka gari na hakuna aliyekuwa nalo la kutosha kumuuzia. Hapo ndipo upande unaowalaumu wafanyakazi unapata hoja yake bora, na ningependa niieleze kama wao wenyewe wanavyoieleza. Kila gari lililotoka mlangoni liliuzwa. Siku moja ya mgomo ilikuwa hasara kubwa kuliko nyongeza ya mshahara, basi Vance akawa anakubali. Mishahara ilipanda juu ya ile ya Detroit, kwa wale wakubwa watatu, taratibu za kazi zikalegea, na kila aliyekuwa ndani akaona ni haki yake ya kudumu. Majengo ya South Bend nayo yalikuwa ya kizamani, ya ghorofa nyingi, bodi zikipandishwa na kushushwa na kuvushwa kutoka jengo hadi jengo, wakati washindani walikuwa wakijenga viwanda vya sakafu moja. Mwaka 1953 Ford na General Motors walipoanza kupigana kwa bei, Studebaker haikuwa na nafasi ya kushusha yake. Mwaka uliofuata tawi namba 5 liliombwa likubali kupunguziwa mishahara. Kura ya kwanza wakakataa, ya pili wakakubali, lakini wakati huo hasara ilikuwa imeshatangulia. Na mwanzoni mwa 1962, kampuni ikiwa taabani, waligoma zaidi ya mwezi mzima.

Hayo yote yalitokea. Anayesema gharama za South Bend hazikuwa tatizo anajidanganya.

Ila mshahara unaeleza kwa nini gari ni ghali, haujibu kwa nini gari ni la zamani. Tuangalie malori. Kwa mwaka wa 1949 Studebaker ilileta pikapu ya 2R, iliyochorwa na Robert Bourke, na kwa macho yangu hakuna pikapu ya Marekani ya wakati ule inayoizidi kwa uzuri. Iko chini, ubavu wake ni safi, na kidato cha kupandia kimefichwa ndani ya mlango badala ya kuning'inia nje kama kwa wenzake. Bodi ina bati mbili, ili mzigo ukigonga ndani usitokeze uvimbe nje. Ilitengenezwa kwenye kiwanda cha barabara ya Chippewa, kilichokuwa cha injini za ndege wakati wa vita. Mwaka 1950 kampuni iliuza magari mengi kuliko mwaka wowote wa historia yake.

Sasa hesabu kilichofuata. Ford ilibadilisha pikapu zake mwaka 1953, tena 1957, tena 1961. Chevrolet ikabadilisha 1955 na 1960. Studebaker? Kioo cha mbele cha kipande kimoja mwaka 1954. Injini ya V8 mwaka 1955. Shoo mpya ya mbele ya plastiki ngumu mwaka 1957. Kebini ni ileile ya Bourke, na malori yao makubwa yaliendelea kuivaa hadi kiwanda kilipofungwa. Mwaka 1958 walitoa pikapu ya bei ya chini waliyoiita Scotsman, na ili kupunguza gharama wakairudishia sura ya mbele ya 2R. Kampuni iliyouza lori lenye uso wa miaka kumi nyuma na kuuita ubunifu wa bei nafuu ilikuwa imeishiwa kitu kingine kabla ya kuishiwa wanunuzi.

Kitu hicho ni mtaji wa kalibu. Bei ya umbo jipya la lori haipungui kwa sababu kampuni ni ndogo. Kalibu za kukandamizia bati zinagharimu karibu sawa uwe utafyatua kebini elfu kumi au laki moja. Hapa wale wa "kifo kilikuwa kimeandikwa" wana pointi ya maana. Ford aliweza kuigawa gharama hiyo kwa malori mengi, Studebaker kwa machache. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kampuni ndogo ndiyo iliyohitaji zaidi kuweka akiba miaka ya neema. Miaka ya 1948 hadi 1952 fedha iliingia, na gawio nono likatoka. Kiwanda kikabaki kilekile cha ghorofa. Kosa la Erskine lilirudiwa na watu walioitwa kufagia makosa ya Erskine, tofauti ikiwa kwamba safari hii wafanyakazi nao walipata kipande cha keki.

Na kuna kisa kingine ambacho kwangu kina uzito kuliko kile cha gawio la 1948 hadi 1952. Baada ya kuungana na Packard, kampuni nyingine ya magari, mwaka 1954, ndoa ya wagonjwa wawili ambayo sitaipotezea muda, kampuni ilipata bahati ambayo haikuistahili. Lark ya mwaka 1959 iliuzwa vizuri sana na faida ikarudi. Kwa vile hasara za nyuma ziliiruhusu kampuni kukwepa kodi kwenye faida mpya, bodi ya wakurugenzi iliona njia ya mkato: nunua biashara nyingine zenye faida. Zikanunuliwa STP ya viongezi vya mafuta, Gravely ya matrekta madogo, Onan ya majenereta, Clarke ya mashine za kusafishia sakafu. Kwa mwaka wa 1960 Ford, Chevrolet na Chrysler wakaleta magari yao madogo, Falcon, Corvair na Valiant, na Lark ikaanza kubanwa. Ndipo Champ ikazaliwa, kwa kebini ya kukatwa na bodi ya Dodge.

Mwenye hisa atasema bodi ya wakurugenzi ilifanya sawasawa: kwa nini umwage fedha kwenye magari yanayokufa? Ni jibu la kweli kwa swali la mwenye hisa. Kampuni hata haikufa. Iliungana na kampuni ya Worthington mwaka 1967 na kuendelea na biashara zake. Kilichokufa ni magari, na South Bend ikalipa.

Sherwood Egbert, rais wa kuanzia 1961 aliyejaribu kwa dhati kuyaokoa, alikuwa mgonjwa wa saratani. Byers Burlingame aliyempokea ndiye aliyetangaza kufunga, Desemba 9, 1963. Utengenezaji wa magari ulihamia Hamilton, Kanada, na kukoma Machi 1966. Mfuko wa pensheni ulipofunguliwa haukutosha. Waliostaafu na waliofikisha miaka 60, kama watu 3,600, walilipwa kikamilifu. Zaidi ya 4,000 waliokuwa kati ya miaka 40 na 59 walipata takriban asilimia 15 ya stahili zao. Vijana hawakupata kitu. Mtu wa miaka 59 aliyekuwa ameanza kazi akiwa kijana, akifuata nyayo za baba yake kama kwenye yale matangazo, alikosa mafao kamili kwa mwaka mmoja wa umri. Kisa hicho kilitajwa sana katika mjadala uliozaa sheria ya ERISA ya 1974, inayolinda pensheni za sekta binafsi Marekani.

Nikilazimishwa kugawa lawama, kubwa nawapa waliokuwa na kalamu ya kusaini gawio, kwa sababu hata mishahara mikubwa waliisaini wao. Chama cha wafanyakazi nakipa sehemu yake, hasa ya 1962. Udogo wa kampuni naupokea kama mazingira magumu yasiyomwondolea mtu uamuzi wake.

Tena kuna jambo moja ambalo wanaowalaumu wafanyakazi hawalitaji mara nyingi. Kiwanda cha Chippewa hakikufungwa na vingine. Kaiser Jeep ilikinunua mwaka 1964 pamoja na kazi ya malori ya jeshi, na malori yakaendelea kutoka South Bend; baadaye biashara hiyo ikawa AM General, ambayo miaka ya 1980 ilianza kutengeneza Humvee, gari la jeshi, katika mji jirani wa Mishawaka. Watapinga kwamba jeshi ni mteja asiyejali bei, na hapo siwezi kuwabishia sana. Lakini ni eneo lilelile, lenye mafundi walewale, na kilichobadilika ni mwenye kiwanda.