Foronya mbili bila mito

Chini ya kitanda cha mama kuna sanduku la bati. Ndani yake, katikati ya khanga ambazo havai tena, zimo foronya mbili nyeupe zilizodariziwa kwa uzi mwekundu. Moja imeandikwa "Lala salama", nyingine "Usiku mwema". Alizidarizi mwenyewe kwao Utete, mwaka 1979, akisubiri kuolewa. Alipofika Dar es Salaam na foronya zake hapakuwa na mto hata mmoja wa kuuvalisha. Mito ilipatikana mwaka uliofuata.

Nimezikumbuka foronya hizo kwa sababu mdogo wangu anaoa, na mimi nimo kwenye kamati. Kikao kilichopita tulitumia karibu saa nzima kuzungumzia mapambo ya ukumbi. Nilipouliza maharusi watakaa wapi baada ya shughuli, nikajibiwa kwamba hayo ni mambo yao wenyewe, sisi kazi yetu ni kufanikisha harusi. Hakuna aliyeshangaa. Jibu lile limenikaa moyoni hadi leo, ndiyo maana naandika.

Baba alikuwa amepanga chumba kimoja Temeke, katika nyumba ya vyumba sita. Mnaijua nyumba ya namna hiyo: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ukitokea nyuma unakuta ua wenye jiko, bafu na choo cha wote. Ndani ya chumba kulikuwa na kitanda cha kamba, kile kilichoitwa teremka tukaze, kwa sababu kamba zikilegea mnashuka wote wawili, mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule, halafu mnarudi kulala. Juu yake godoro la sufi. Sufi ina kawaida ya kujikusanya mabonge, kwa hiyo godoro hutolewa uani likapigwa jua na kuchambuliwa. Kulikuwa na misumari mitatu ukutani ya kutundikia nguo, na koroboi. Basi.

Upande wa mama, bibi alimfungasha vitu vya nyumbani: mkeka wa ukindu, ungo, kifumbu cha kuchujia tui, kata ya kifuu, vyungu viwili na mbuzi ya kukunia nazi. Vyote vilivushwa mto Rufiji kwa pantoni, maana Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Chungu kimoja kilivunjika njiani. Mama bado anakisikitikia.

Nilimwuliza kitu cha kwanza alichonunua kwa ajili ya nyumba yake kilikuwa nini. Nilidhani atasema sufuria. Akasema, "Debe la maji, mwanangu. Nyumba isiyo na maji yake inaomba kila asubuhi." Alinunua debe tupu la mafuta, fundi akalitia mpini wa mti, nalo likawa ndoo, likawa pipa, na siku za wageni likafunikwa sinia likawa meza. Baadaye likaja jiko la mkaa. Baadaye sufuria moja. Kwa miezi kadhaa waliivya wali kwenye sufuria hiyo, wakaupakua kwenye sinia na kuufunika kwa kawa, wakaiosha sufuria, ndipo mchuzi ukabandikwa.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa kununua vitu. Vita vya Kagera ndiyo kwanza vilikuwa vinakwisha, na Mwalimu Nyerere alikuwa amewaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na mkanda haukulegea. Watu wa umri wa wazazi wangu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini kwa majina ya vitu vilivyokosekana: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, vitenge. Walipanga foleni kwenye duka la kaya, lile la bidhaa za mgao. Walikula unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Mama alifulia nepi zangu kwa majani ya mpapai, na anasema yanatoa povu la kutosha ukiyasugua vizuri. Ukisikia mzee anasema walianza maisha kwa kubana matumizi, ujue mara nyingi hapakuwa na cha kutumia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wengi, kwa heshima zote. Wanapenda kuwapiga vijana kwa fimbo ya "sisi tulianza na mkeka". Ni kweli walianza na mkeka. Lakini wanasahau kutaja kilichokuwa kimeuzunguka mkeka huo.

Kulikuwa na kinu kimoja pale uani, mali ya mama wa chumba cha kwanza, na nyumba nzima ilitwanga humo. Pasi ya mkaa ilikuwa moja kwa vyumba sita. Mbuzi ya mama ilipofika ikawa ya wote, kwa sababu ya mwenye nyumba ilikuwa imekwisha meno. Mgeni akija, chupa ya chai inaazimwa chumba cha pili na vikombe chumba cha nne, na mgeni anajua hivyo, kwa sababu hata kwake ni hivyo hivyo. Halafu kulikuwa na mchezo. Kila mwezi wanawake wa pale walikusanya fedha wakampa mmoja wao, kwa sharti kwamba asinunue chakula wala nguo, ila chombo, na akionyeshe uani. Zamu ya mama ilipofika alinunua sufuria tatu zenye mifuniko. Mbili anazitumia mpaka leo.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane. Alipokea kodi mwezi kwa mwezi, na mshahara wa baba ukichelewa alingoja. Naomba mtu anayewakemea vijana alitafakari hilo. Leo Dar es Salaam kijana akitafuta chumba anaambiwa kodi ya miezi sita mkononi, pengine ya mwaka, na juu yake ada ya dalali. Baba anakiri kwamba kama angedaiwa fedha hiyo mwaka 1979 asingeoa.

Na sitaki kuipamba ile hali. Mama haitamani. Chumba kilikatwa kwa pazia la kitenge, huku kitanda, huku "sebule" yenye stuli mbili. Mtoto wa shangazi alipokuja mjini kusoma alilala kwenye mkeka upande wa pili wa pazia kwa miaka miwili, na mwanamke aliyeolewa juzi akajifunza kucheka bila sauti. Mzigo wa kubana ulimwangukia yeye zaidi kuliko baba. Yeye ndiye aliyeamka alfajiri kuwahi foleni, ndiye aliyechoma maandazi ya kuuza, ndiye aliyedarizi foronya za watu kwa malipo huku zake zikikaa sandukuni. Baba alileta mshahara. Mama aliugeuza kuwa nyumba, na sijamsikia mzee yeyote akilitaja hilo anapohubiri kuhusu mkeka.

Ninachokionea wivu ni kimoja: waliruhusiwa kuanza. Hakuna aliyeingia chumbani mwao akahesabu vilivyokosekana. Baba mkubwa alikuja kuwatembelea wiki ya tatu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kwa kuwa pengine pa kukaa hapakuwapo, akala, akashukuru, akaondoka. Ziara iliyofuata alikuja na stuli kichwani. Nyumba yao ilitimia taratibu, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakisaidia kuitimiza. Kabati la vyombo liliingia mwaka 1991. Mimi nilikuwa nasoma shule ya msingi, na nakumbuka mama alilifuta vumbi mara tatu siku hiyo.

Sasa tazama tunavyofanya. Tunakusanya mamilioni kwa kadi za michango, tunawapigia watu simu kuwakumbusha ahadi zao, kisha tunazimaliza fedha zote usiku mmoja ukumbini. Kabla ya hapo kuna kitchen party. Naipenda kwa asili yake, maana kumfunda mwari na kumpa vyombo ni jambo letu la zamani. Lakini binamu yangu alitoka kwenye yake na seti tatu za hotpoti, brenda mbili na glasi ambazo hadi leo zimo kwenye maboksi juu ya kabati, wakati yeye na mumewe walikopa kodi. Mkopo ule uliwachukua mwaka mzima kuulipa. Waliposhindwa kununua makochi walianza kukwepa wageni. Watu wale wale waliokula harusini ndio waliokuwa wakikwepwa.

Vijana wengi ninaowafahamu wanaahirisha ndoa kwa kusema bado hawajajipanga. Ukiwadodosa, kujipanga maana yake ni makochi, friji, televisheni ukutani na harusi isiyochekwa. Siwaoni kuwa wapenda anasa. Wanajua watakaguliwa, na wakaguzi ni sisi.

Kwa hiyo kikao kijacho nitatoa hoja, na nimeshaiandika. Kabla ya ukumbi, kabla ya mapambo na mpiga picha, itengwe kodi ya mwaka mzima ya chumba na sebule kwa ajili ya maharusi. Shughuli ifanyike nyumbani kwetu, turubai lifungwe uwanjani, pilau lipikwe na kina mama wa mtaa kama lilivyopikwa kwenye harusi ya baba. Wanaotaka kutoa vyombo wagawane orodha, mmoja ndoo, mmoja jiko la gesi, mmoja shuka, ili asiletewe mtu hotpoti ya nne. Najua atakayepinga na najua atakachosema, kwamba ukoo wetu utaonekana hauna kitu. Nitamwomba ataje harusi moja ya ukumbini ambayo anakumbuka rangi ya mapambo yake.

Mama nimemweleza. Hakusema mengi. Aliniagiza nivute lile sanduku, akazitoa foronya, akazinusa, akaziweka juani kwenye kamba. Jioni mchumba wa mdogo wangu alikuja kusalimia, akazikuta zinaning'inia. Herufi mbili za "salama" zimefumuka uzi. Akaomba sindano.