Anayetaka mlolongo aiulize kwanza Starehe

Juzi, kwenye kikao cha kuchangia mazishi, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema dawa ya wizi wa kura Kenya ni moja tu: turudi mlolongo. Kila mtu ajipange nyuma ya mtu wake, tuhesabiwe mchana kweupe, mambo yaishe. Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni vijana ambao 1988, mlolongo ulipotumika, hawakuwa wamezaliwa, na hilo ndilo lililoniuma.

Mimi ni mtu wa Starehe, jimbo la ubunge hapa Nairobi. Historia ya kiti chetu ukiisoma kama orodha ya washindi haikuambii kitu. Isome kwa kuuliza kila mbunge alipatikanaje, na hapo utaona kwa nini siwezi kunyamaza.

Charles Rubia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, alikichukua kiti cha Starehe 1969 akakaa nacho karibu miaka ishirini. Hakuwa malaika. Alikuwa tajiri, na KANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilikuwa nyumbani kwake. Lakini KANU ilipouleta mlolongo, alikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kuupinga hadharani. Mchujo wa KANU wa uchaguzi wa 1988 ukafika, watu wakapangwa foleni, kiti kikaenda kwa Kiruhi Kimondo. Miaka miwili baadaye Rubia alisimama pamoja na Kenneth Matiba kudai vyama vingi, na Julai 1990, siku chache kabla ya maandamano ya Saba Saba (Julai 7) ya kudai vyama vingi, wote wawili wakatiwa kizuizini.

Mama yangu alikuwa akiuza vyondo soko la Kariokor wakati wa mlolongo huo. Kujipanga kwenyewe kulihitaji kadi ya KANU, kwa hiyo aliinunua. Mbele ya foleni, anasema, ajenti ameinua picha ya mgombea. Kando yake amesimama chifu, wamesimama vijana wa chama, na miongoni mwao kuna nyuso za watu wa kanjo, yaani baraza la jiji, wanaoijua meza yake na wanaojua leseni yake inaisha lini. Mwenye nyumba wake naye yuko hapo, kwenye foleni ya upande wa pili. Mama alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Alijipanga nyuma ya picha ambayo hakuitaka.

Huo ndio uwazi tunaoambiwa tuurudie. Mlolongo haukumfichua mwizi hata siku moja. Uliyefichuliwa ni wewe mpiga kura: uko nyuma ya nani, umekuja na nani, umehama foleni saa ngapi. Mwenye mamlaka juu ya kibanda chako, shamba lako au kazi yako alikuona kwa macho yake na jina lako akaondoka nalo. Halafu hesabu yenyewe ilifanywa na yuleyule afisa, akatamka nambari aliyoitaka. Kila pembe ya nchi hii kuna wazee waliojionea foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Wangeshtaki nini? Foleni ikishavunjika, ushahidi umeenda nyumbani kupika chakula cha jioni. Na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 ya foleni aliingia bungeni moja kwa moja, bila kura hata moja ya siri kupigwa.

Sasa linganisheni na 2007. Starehe ilikuwa imerudi kwenye kura ya siri tangu 1992, ikampa kiti Steve Mwangi wa FORD-Asili, kisha Maina Kamanda mara mbili, kwa DP na kwa NARC. Mwaka 2007 akatangazwa Askofu Margaret Wanjiru wa ODM. Kamanda hakuridhika, akaenda mahakamani. Kulikuwa na karatasi za kura, masanduku, fomu zenye saini. Kulikuwa na kitu cha kumwekea jaji mezani. Mwaka 2010 ushindi ule ukabatilishwa, Septemba tukarudi vituoni, na Kamanda akashinda uchaguzi mdogo kwa tiketi ya PNU. Unaweza kumpenda au kumchukia yeyote kati ya hao wawili. Ninachosema ni kwamba kosa la karatasi liliweza kukamatwa.

Najua mtaniambia kesi ile ilichukua zaidi ya miaka miwili, na kweli, ilikuwa aibu. Lakini ndiyo maana Katiba ya 2010, kifungu cha 105, inaitaka Mahakama Kuu iamue kesi kama hiyo ndani ya miezi sita. Tulikuwa na tatizo, tukalitungia sheria. Mathare, iliyomegwa kutoka kwetu 2013, nayo ilipiga kura upya 2014 baada ya kesi, na aliyeshinda ni Stephen Kariuki, mtoto wa huyohuyo Askofu Wanjiru.

Mlolongo ni rahisi kugharamia, nakubali. Hata kimya ni rahisi kugharamia.

Na pesa za kampeni? Zipo, Starehe zimejaa. Lakini kwenye kura ya siri mama anaweza kupokea za huyu na akampigia yule, na hakuna atakayejua mpaka kufa kwake. Mwaka 2017 tulimchagua mwanamuziki Jaguar, 2022 tukamchagua Amos Mwago, na hakuna mwenye kibanda Ngara aliyelazimika kumwonyesha mtu alimpigia nani.

Vijana wanaotaka kura zisiibwe, kazi ipo na inajulikana. Fomu 35A, ya matokeo ya ubunge, hujazwa kituoni na hutakiwa kubandikwa mlangoni. Nendeni mkaipige picha kabla hamjalala. Kaeni ndani kama maajenti. Vyama vina pesa za fulana na magari ya muziki, lakini ajenti anaachwa kituoni bila chai wala nauli mpaka saa tisa usiku, kisha analetewa fomu atie saini huku macho yanafumba. Mzee wetu angelilia hilo pale kwenye kikao, ningekuwa wa kwanza kumpigia makofi.