Rula Haikai Foleni ya Mwenge

Jamani, huyu aliyeanzisha mtindo wa kuuliza simu "Dar hadi London ni masaa mangapi" anakaa mtaa gani? Maana jibu linakuja limenyooka kama rula. Kilomita 7,500, ndege inakata 900 kwa saa, gawanya: masaa manane na dakika ishirini. Ongeza kupaa, kutua na kuzungukazunguka uwanjani, masaa kumi. Basi ukoo mzima umetangaziwa: asubuhi Dar, jioni London!

Rula hiyo utaipanda wapi? Wengi wanapitishwa Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa. Chukua Doha: kilomita 3,800 hadi pale, nyingine 5,200 hadi London. Jumla 9,000. Kabla hujapewa hata maji umeshabandikwa kilomita 1,500 za ziada, na reli ya Dar hadi Kigoma haifiki huko.

Halafu tiketi. Kuondoka 17:00, kufika 06:00. Mpwa anahesabu kwa vidole, masaa 13. Wapi! Ni 16. Sita hadi Doha, matatu ya kukalia kiti kigumu, saba hadi London. Doha na Dar saa ni moja, ila London majira ya baridi iko nyuma yetu masaa matatu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, mawili. Wakati wa kurudi, safari ileile tiketi inaonyesha 19, na mpwa anaanza kulaumu rubani.

Lakini balaa lenyewe ni 03:15. Mswahili akiona tatu, ni saa tatu na robo asubuhi, mjadala umefungwa. Ameambiwa awahi masaa matatu, naye anatii: saa kumi na mbili na robo alfajiri yuko mlangoni, kaoga, kanyoosha shati. Ndege iliondoka saa tisa na robo usiku, iko nusu ya njia. Ikigonga saa tatu na robo yake, wenzake wanagusa ardhi Doha. Na 00:30 ya Jumamosi, baba, ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa jioni uwe umeshafunga begi.

Tena hatujatoka nyumbani. Bunju hadi uwanja wa ndege, ukipiga mstari kwenye ramani, hazifiki kilomita 30. Pita sasa Tegeta, Mwenge, Ubungo, Buguruni, TAZARA. Masaa mawili, na mvua ikinyesha usiulize. Kaunta nyingi zinafungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Ukifika dakika 50 kabla, unaiona ndege kwa macho na hupandi.

Wapo pia wanaojifanya wajanja, wananunua tiketi mbili tofauti kwa sababu ni rahisi. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imekufa na hakuna wa kukufidia. Tiketi ikiwa moja, shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Hata hivyo, ukibadilisha ndege kwa dakika 50, wewe unaweza kukimbia. Begi halina miguu.

Kwa hiyo: mawili ya foleni, matatu ya kuwahi, 16 ya tiketi. Masaa 21, bado mstari wa pasipoti. Na shangazi kule anapiga simu, "Pilau imepoa mara mbili, si ulisema masaa kumi?"