Kijana wa steshenari ndiye aliyenifundisha utafiti

Siku hizi Mbeya kila mtu ana linki ya dodoso. Unaamka asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni, unafungua WhatsApp: “Wapendwa, naomba dakika tano zenu.” Nami nilikuwa mmoja wao. Nilitaka kujua watu wa jiji letu wanatumiaje kompyuta, nikaandaa maswali kwenye Google Forms, nikaitupia linki kwenye makundi matatu: la kwaya, la niliosoma nao na la mtaa. Majibu yalipoanza kumiminika nikajiona mtafiti.

Balaa nikaikuta kwenye jedwali. Niliuliza, “Unatumia kompyuta saa ngapi kwa siku?” Mmoja akaandika “saa mbili”. Mwingine, “saa mbili usiku, nikishakula”. Sasa yule wa kwanza huwa anakaa saa mbili kwenye mashine, au anaiwasha saa mbili? Kosa langu. Ningeuliza “kwa muda gani” na kuweka majibu ya kuchagua. Aliyeandika “2-3” ndiye aliyenimaliza: jedwali lilidhani ni tarehe, likamgeuza kuwa 2-Mar.

Hayo yanasafishika. Kuna lisilosafishika: karibu kila aliyejibu alisema yuko mtandaoni kila siku. Ningeweza kuchora duara la rangi na kutangaza kwamba wana Mbeya wamebobea. Uongo mtupu! Asiye na bando hakuiona linki, mwenye kiswaswadu hakuiona. Nilichofanya ni sawa na kupanda daladala ya Uyole na kuwauliza abiria kama huwa wanapanda daladala.

Na usinidanganye kwamba dawa ni majibu mengi. Mwaka 1936 jarida la Marekani, The Literary Digest, lilituma kadi za kura ya maoni takriban milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba mgombea Alf Landon atambwaga Rais Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena uchumi ukiwa umeanguka. Na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na walionyamaza. Kama milioni 2 hazikuwaokoa, sembuse makundi yangu matatu.

Ndiyo maana nikiona ripoti imeandikwa “wananchi wa Nyanda za Juu Kusini”, huwa nauliza kwanza linki ilipita wapi. Andika “waliojibu”. Neno moja tu, lakini wengi hawalitaki kwa sababu linapunguza ukubwa wa kichwa cha habari.

Baadaye nilichukua karatasi, nikaenda kukaa kwenye benchi la steshenari moja Mwanjelwa. Mama muuza parachichi aliniambia hajawahi kutumia kompyuta maishani. Wakati huohuo kijana wa pale alikuwa anamjazia fomu ya mtoto wake ya kuomba mkopo wa chuo, yeye mama akimtajia majina na tarehe, akimkaripia alipokosea herufi.

“Dada,” kijana akaniambia bila kuinua macho, “hawa wote wanatumia kompyuta. Vidole tu ndiyo vyangu.”

Dodoso langu halikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Nikaigeuza karatasi, nikaandika swali upya kwa nyuma: “Mara ya mwisho shida yako ilipomalizwa kwa kompyuta, nani alikuwa anabonyeza?”